Tumbo la sungura mchanga: nyasi kwanza, mengine yangoje

Sungura mchanga akifa siku chache baada ya kuletwa nyumbani, mwenye naye husema, "Jana tu alikuwa anarukaruka." Ni kweli alikuwa anarukaruka. Sungura ni mnyama anayewindwa, na anayewindwa haonyeshi udhaifu mpaka ashindwe kabisa. Lakini ukiuliza alilishwa nini siku hizo, majibu hufanana: karoti ya kumkaribisha, kipande cha tunda, majani ya saladi tele, na chakula kipya cha dukani kwa sababu kile cha alikotoka kilionekana duni. Hapo hakuna sumu hata moja. Tatizo ni kwamba vyote viliingia kwa mkupuo kwenye tumbo ambalo bado halijakaa sawa.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia gramu na vipimo, ni vizuri kujua kinachoendelea ndani.

Chakula cha sungura kikishapita utumbo mwembamba hufika njia panda. Vipande vikubwa vya nyuzinyuzi, vile visivyomeng'enywa, husukumwa kwenda nje na kutoka vikiwa gololi kavu tunazozifagia kila siku. Chembe ndogo na majimaji hurudishwa nyuma, viingie kwenye sikamu, mfuko mkubwa wa utumbo uliojaa bakteria. Humo chakula huchachushwa kwa saa kadhaa, kisha hutoka kwa sura nyingine: kishada cha vipunje laini, vyeusi, vinavyong'aa kwa ute, mfano wa zabibu ndogo zilizoshikana. Sungura huinama akakipokea kwa mdomo papo hapo na kukimeza, mara nyingi usiku au alfajiri. Humo ndimo anamopata protini, vitamini za kundi B na vitamini K zilizotengenezwa na bakteria wake. Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani ni uchafu na kutaka kumzuia. Mwache. Hicho ni chakula chake cha pili, na asipokila atadhoofika.

Kutokana na mpango huo, nyuzinyuzi ndefu zina kazi mbili. Husukuma utumbo usisimame, na huhakikisha kwamba kinachoingia kwenye sikamu ni kile ambacho bakteria wazuri wanakizoea. Nyuzinyuzi zikipungua, utumbo hulegea. Wanga ukizidi, utumbo mwembamba wa sungura mchanga haumalizi kuumeng'enya, masalio hufika kwenye sikamu, na huko kuna bakteria wengine wanaousubiri. Aina moja ya Klostridia, iitwayo Clostridium spiroforme, hustawi kwa sukari hiyo na kutoa sumu inayoweza kumuua sungura mchanga kwa siku moja au mbili. Na sungura hawezi kutapika. Kikishaingia kimeingia.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kati ya wiki ya 4 na ya 8, na sababu yake ni nzuri kuifahamu. Mama sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, mara chache mara mbili, kwa dakika 3 hadi 5 tu. Tumbo la mtoto anayenyonya halina asidi kali kama la mkubwa. Anachokitegemea ni mafuta maalumu yanayotokana na maziwa ya mama yakiwa tumboni, ambayo huzuia bakteria wasiotakiwa. Karibu na wiki ya 3 huanza kuguguna nyasi na chakula cha mama, na hula pia vinyesi ambavyo mama huacha kwenye kiota. Hivyo ndivyo anavyopokea bakteria wa kuanzia maisha. Kisha maziwa hupungua, na kinga yake hupungua pamoja nayo, ilhali asidi ya tumbo bado inapanda polepole. Mlinzi wa usiku ameshaondoka, wa asubuhi hajafika. Ndiyo maana sungura wa kufugwa nyumbani asitenganishwe na mama kabla ya wiki ya 8. Anayekuuzia wa wiki 5 kwa kuwa "ameshaanza kula mwenyewe" anakuuzia mnyama aliye katikati ya kipindi hicho kibaya zaidi.

Basi siku ya kumchukua, kitu cha kwanza kuomba ni chakula kilekile anachokula, cha kutosha wiki 2. Sungura mwenye gramu 600 anahitaji chini ya nusu kilo ya peleti (punje za chakula cha dukani kilichosagwa na kushindiliwa) kwa muda huo, kwa hiyo mfuko mmoja mdogo unatosha. Omba pia fungu la nyasi zake kavu. Hata kama chakula hicho si kizuri, mpe hivyohivyo kwanza. Safari, harufu ngeni, kutengwa na ndugu zake: hayo peke yake yanatosha kulegeza utumbo, na chakula kigeni kikiongezwa juu yake unakuwa umemtwisha mizigo miwili kwa mpigo.

Siku 3 za mwanzo mpe chakula cha zamani peke yake, na nyasi kavu bila kipimo. Siku ya 4 hadi ya 7 changanya robo ya peleti mpya na robo tatu za zamani. Siku ya 8 hadi ya 10 iwe nusu kwa nusu. Siku ya 11 hadi ya 13 robo tatu ni mpya, na ya 14 unamaliza. Gololi zikianza kuwa laini au ndogo kuliko kawaida, rudi hatua moja nyuma na ukae hapo siku 3 au 4. Wenye haraka humaliza badiliko hili kwa siku 5, na wengi wao hupita salama, ndiyo maana ushauri huo hausikilizwi. Ila yule mmoja asiyepita salama hana nafasi ya pili.

Nyasi kavu ndizo chakula chenyewe. Peleti, majani na vingine vyote ni kitoweo. Kipimo chepesi ni hiki: kila siku sungura apate rundo la nyasi lenye ukubwa wa mwili wake au zaidi, na lisiishe. Akiamka usiku akakuta chombo kitupu, utumbo wake unapumzika wakati ambao haukutakiwa kupumzika, kwani sungura hula vijilo vidogo vingi mchana na usiku, hasa alfajiri na magharibi.

Kwenye kununua, pua inajua zaidi kuliko macho. Nyasi nzuri hunukia kama shamba lililofyekwa asubuhi; zilizovunda hunukia kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Shika konzi, itikise kwenye mwanga wa jua. Ukiona vumbi jeupe linapaa, ziache: ama zina ukungu au zitamsumbua pua na macho. Rangi ya kijani ni dalili njema, ingawa nyasi zilizopauka kidogo kwa jua si mbaya kama ni kavu na zinanukia vizuri. Ukifika nyumbani usizifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Unyevu mdogo uliobaki utazaa ukungu ndani ya wiki. Gunia, boksi la karatasi au foronya ya pamba inafaa zaidi.

Mahali pa kuziweka ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Sungura hupenda kula huku anajisaidia. Weka nyasi upande mmoja wa chombo chake cha haja, au juu yake kidogo, na utashangaa zinavyopungua. Susu lenye matundu membamba linaokoa nyasi lakini linamchosha mchanga. Akivuta mara tatu bila kupata kitu, anakwenda kwenye peleti. Kwa miezi ya mwanzo, rundo la wazi kwenye boksi lililokatwa upande mmoja ni bora, hata kama nusu yake atailalia. Badilisha zilizolowa, na ongeza mpya asubuhi na jioni. Konzi mpya juu ya zile za zamani humwamsha hamu hata kama ni nyasi zilezile.

Kuhusu alfalfa, kuna mabishano. Si nyasi bali ni jamii ya kunde, ina protini na kalisi (kalsiamu) nyingi kuliko nyasi za kawaida, na sungura anayekua anazihitaji zote mbili. Sungura ana tabia yake kwenye kalisi: hunyonya utumboni karibu yote iliyomo kwenye chakula, kisha ziada huitoa kwenye mkojo. Ndiyo maana mkojo wake huwa mzito na wenye ukungu mweupe. Kwa mkubwa ziada hiyo inaweza kutuama kama tope kwenye kibofu. Kwa mchanga inakwenda kwenye mifupa. Wapo wanaompa mchanga alfalfa tupu hadi miezi 6. Sisi tunaona ni kosa dogo lenye gharama kubwa baadaye, maana aliyelelewa kwa alfalfa huziona nyasi za kawaida kama adhabu. Bora zote mbili ziwepo tangu siku ya kwanza: theluthi moja alfalfa, theluthi mbili nyasi. Na kama peleti zake ni za sungura wanaokua na zenyewe zimetengenezwa kwa alfalfa, konzi moja ndogo ya alfalfa kwa siku inatosha. Akikosa alfalfa kabisa lakini ana peleti nzuri na nyasi nzuri, atakua vilevile.

Peleti zina mtego wake. Geuza mfuko usome nyuma. Unatafuta nyuzinyuzi zisizopungua asilimia 18, protini ya asilimia 14 hadi 16 kwa anayekua, na mafuta yasiyozidi asilimia 4. Kiungo cha kwanza kwenye orodha kiwe nyasi au alfalfa, si mahindi wala ngano. Ukiona ndani kuna punje za rangi, mbegu za alizeti, vipande vya ndizi kavu na mahindi yaliyobanjwa, huo ni mchanganyiko wa kumfurahisha mnunuzi. Sungura huchagua vitamu na kuacha vile vyenye nyuzinyuzi, kisha mfugaji anajaza bakuli tena akidhani chakula kimeisha. Mchanga anayechagua hivyo anakula wanga mtupu. Peleti zinazofanana zote hazimpi nafasi ya kuchagua.

Chakula cha kuku usimpe hata siku moja, hata kama peleti zimeisha na duka limefungwa. Kimejaa wanga, na baadhi yake huwekwa dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo) kwa kuku ambayo kwa sungura ni sumu. Peleti zikiisha usiku, nyasi kavu na maji vinamtosha mpaka kesho. Hilo ni jambo ambalo wengi hawaliamini: sungura anaweza kukaa siku nzima bila peleti na asidhurike, ila hawezi kukaa siku nzima bila nyasi.

Kiasi gani? Wapo wanaosema mchanga aachiwe peleti bila kikomo hadi miezi 7, na wapo wanaopima tangu mwanzo. Tunakubaliana na wa pili, kwa sababu mchanga aliyeachiwa bakuli lililojaa hujaza tumbo kwa dakika chache na nyasi hazigusi. Kuanzia wiki ya 8 hadi mwezi wa 4, gramu 40 hadi 50 kwa kila kilo ya uzito wake, zigawanywe mara mbili, asubuhi na jioni. Wa gramu 700 atapata gramu 28 hadi 35 kwa siku. Tumia mizani ya jikoni, si kikombe, kwa kuwa peleti za kampuni moja huweza kuwa nzito kuliko za nyingine na kikombe kilekile kikabeba uzito tofauti. Na kwa kuwa uzito wa sungura hubadilika kila wiki katika umri huo, mpime kila wiki siku ileile, kabla ya peleti za asubuhi: weka bakuli pana lenye kitambaa juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha mweke ndani. Andika. Namba inatakiwa ipande kila wiki. Ikisimama wiki nzima, angalia chakula. Ikishuka, tafuta daktari wa mifugo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Maji yasikosekane. Sungura hunywa kama mililita 50 hadi 150 kwa kilo kwa siku, na asipokunywa huacha kula, kwa maana vilivyomo tumboni hukauka na kukwama. Bakuli zito lisilopinduka ni bora kuliko chupa ya kuning'iniza. Kwenye chupa kile kijipira cha mdomoni huziba, na mwenyewe anaona maji yamejaa akafurahi kumbe mnyama ana kiu tangu jana. Ukitumia chupa, gusa kijipira kwa kidole kila asubuhi uone tone linatoka. Usiweke matone ya vitamini kwenye maji: yanabadilisha ladha, anakunywa kidogo, na yale anayoyahitaji ameshayapata kwenye kile kishada cha alfajiri. Mtindi nao, ambao watu humpa kwa nia ya "kuongeza bakteria wazuri", una sukari ya maziwa ambayo tumbo lake halina kazi nayo baada ya kuacha kunyonya.

Majani mabichi yangoje hadi wiki ya 12. Kama alikotoka alikuwa ameshazoeshwa jani fulani tangu kiotani, akiwa na mama yake, unaweza kuendelea na jani hilo hilo kwa kiasi kilekile. Vinginevyo subiri. Siku ya kwanza mpe jani moja tu la aina moja, ukubwa wa kidole gumba, asubuhi, ili uwe na mchana mzima wa kumtazama. Giligilani, nanaa, rehani na majani ya karoti ni pa kuanzia pazuri. Ngoja saa 48 bila kuongeza kipya. Gololi zikibaki kavu na za duara, siku ya tatu mpe majani mawili, na baada ya wiki ukaribie gramu 15. Hapo ndipo unaweza kujaribu aina ya pili. Ukimpa aina tatu siku moja na tumbo likaharibika, hutajua mkosaji ni nani, na itabidi uziondoe zote.

Kabichi na jamaa zake zinaweza kumjaza gesi. Ziwe za mwisho kujaribiwa na kwa kidogo. Saladi ile ya kichwa kigumu cheupe ni maji matupu. Spinachi ina oksaleti, kemikali ya asili inayoshikana na kalisi, isiwe ya kila siku. Nyasi mbichi ni nzuri sana, lakini nazo huanzishwa kwa hatua kama majani mengine: konzi ndogo, kisha unaongeza. Zing'olewe au zikatwe kwa mkono na ziliwe zikiwa bado baridi. Zilizokatwa kwa mashine ya bustani hupondeka, hupata joto kwenye rundo na kuanza kuchachuka kabla hazijamfikia. Uchachushaji wa sungura unatakiwa ufanyike ndani yake, si nje.

Karoti, kinyume na katuni, ni kitu cha utamu. Mizizi yake ina sukari, na matunda vilevile. Visubiri miezi 6, kisha viwe kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki. Mkate, biskuti, mahindi, maharage, mbegu, viazi, chokoleti, vitunguu vya aina zote na parachichi havina umri wake, visiingie kabisa. Parachichi, tunda na jani lake, ni sumu kwa sungura.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo ndiyo shule kamili: kusoma kinyesi. Kila asubuhi kabla ya kufagia, tazama. Gololi nzuri ni za duara, zinalingana ukubwa, rangi ya kahawia ya nyasi kavu. Ponda moja kati ya vidole viwili vyenye karatasi: inavunjika kama vumbi la mbao na ndani unaona vipande vya nyasi. Hazinuki. Za mchanga ni ndogo kuliko za mkubwa, kama punje ya pilipili manga, na kadiri anavyokua nazo zinakua.

Zikiwa ndogo kuliko za jana, nyeusi, ngumu, zenye ncha, chakula kinapita polepole. Ongeza nyasi mpya, angalia maji, nyunyizia majani maji kidogo kama ameshazoea majani, na mfuatilie kila saa chache. Zikiwa zimeunganishwa kwa manyoya kama shanga kwenye uzi, anameza manyoya anapojisafisha, mpige brashi. Manyoya si ugonjwa. Ugonjwa ni utumbo ulio polepole kiasi cha kushindwa kuyapitisha.

Ukikuta kile kishada laini kimepondwa sakafuni au kimegandia makalioni, usiseme ana kuhara. Gololi kavu bado zipo pembeni? Anakula? Anakimbia? Basi anapata peleti au sukari nyingi na ameshiba kiasi cha kuacha kishada chake. Punguza peleti kwa theluthi, ondoa majani na vitamu vyote, mwachie nyasi na maji, na kwa kawaida siku 2 au 3 zinatosha. Kama ni mnene au makalio yamelowa, msafishe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na umkaushe vizuri, hasa kwenye joto, kwani nzi hutaga hapo na funza huingia mwilini.

Kuhara kwenyewe ni kitu kingine. Ni majimaji, gololi hazionekani kabisa, harufu ni kali, wakati mwingine kuna ute kama yai bichi. Kwa mchanga hilo halisubiri asubuhi. Anapoteza maji haraka kuliko unavyoweza kumrudishia kwa mdomo. Mfunge kwenye kitambaa, mpe joto, chukua kinyesi kidogo kwenye chombo safi, nenda kwa daktari saa hiyo hiyo. Kinyesi hicho kinaweza kuonyesha koksidia, ambao huwashika zaidi wachanga wa miezi ya mwanzo na hutibika kwa dawa maalumu wakigunduliwa mapema. Chakula kizuri hakizuii koksidia. Kinachowapunguza ni sakafu kavu, chombo cha haja kinachosafishwa kila siku, na nyasi za kula zisizokanyagwa zikachanganyika na kinyesi.

Tumbo kugoma ndiko tunakokuogopa kuliko yote, kwa sababu huanza kimya. Anakataa kipande anachokipenda. Anakaa amejikunja kama mkate, macho nusu yamefumba, anasaga meno kwa sauti unayoisikia ukisogea. Masikio ni ya baridi. Ukiweka kiganja tumboni, badala ya ulaini wa unga uliokandwa, unakuta ngoma. Gololi hazijatoka tangu asubuhi. Kwa mkubwa tunasema saa 12 bila kula ni dharura. Kwa mchanga hesabu nusu yake. Usimlishe kwa nguvu kwa bomba la sindano wakati tumbo ni gumu kama ngoma, maana kama njia imeziba unaongeza mzigo nyuma ya kizuizi. Mweke kwenye joto, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo pembeni yake na nafasi ya kuikimbia, nyasi na maji mbele yake, na safari ianze. Daktari ndiye atakayeamua kuhusu dawa ya maumivu, maji ya kuchoma chini ya ngozi na kulisha kwa bomba.

Na ukifika kwa daktari asiyezoea sungura, uliza jina la antibiotiki kabla haijatolewa. Amoksilini, ampisilini, linkomaisini na klindamaisini zikinyweshwa kwa mdomo huua bakteria wazuri wa sikamu na kuwaacha wabaya peke yao. Dawa inayomtibu mbwa kikohozi inaweza kumuua sungura kwa kuhara. Si ukosefu wa adabu kuuliza. Daktari mzuri hufurahi kuulizwa.

Akivuka mwezi wa 4 akiwa na gololi nzuri na uzito unaopanda, kipindi kigumu kimekwisha na kazi inageuka kuwa ya kupunguza. Usisubiri mwezi wa 7 ufike ndipo ukate peleti kwa siku moja. Toka gramu 45 kwa kilo shuka hadi 40, wiki 2 baadaye 35, hivyohivyo mpaka mwezi wa 6 au wa 7 uwe kwenye gramu 20 hadi 25 kwa kilo. Alfalfa nayo ipunguze kwa mtindo huo: konzi, nusu konzi, siku moja ndiyo siku moja hapana, kisha iishe. Sungura wa kilo 2 aliyemaliza safari hiyo anakula gramu 40 hadi 50 za peleti kwa siku, konzi mbili za majani mabichi aliyoyazoea, na rundo la nyasi kavu linalomzidi ukubwa. Akigomea nyasi wiki ya kwanza baada ya alfalfa kwisha, usirudishe. Zijaze kwenye bomba la karatasi au kikapu cha kuguguna, changanya majani mawili matatu ya nanaa iliyokaushwa, na chelewesha peleti za jioni mpaka uone rundo limepungua.